Hati safi haikuambii kilichoko chini ya sakafu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata ghala la zamani, unataka kuligeuza ofisi juu na maduka chini. Wakili amefanya upekuzi na kukuta hakuna rehani wala zuio. Muuzaji amekupa ripoti ya mazingira ya miaka minne iliyopita isemayo hakuna tatizo. Sasa unauliza kama kuna haja ya kulipia uchunguzi mwingine, maana dalali anasema kuna mnunuzi mwingine anasubiri. Waliotangulia wamekujibu vizuri kuhusu hati. Mimi kilichonikalisha chini kuandika ni mstari ulioupitia haraka haraka: "nyuma ya jengo kuna mabomba mawili mafupi yametokeza ardhini, nadhani ni ya maji ya zamani."

Mimi la kwangu nililitundikia koti.

Tulikuwa watatu, tumechanga kununua ghala lenye uwanja mpana nyuma. Upekuzi ulikuwa safi kama wako. Siku ya kukagua tulipanda juu ya paa, tukagonga kuta, tukahesabu soketi, tukabishana kuhusu rangi ya geti. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na bomba la chuma limepanda kupita kimo changu, juu limepinda kama mkongojo. Palikuwa na joto, nikavua koti nikalitundika pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza bomba lile linatoa nini wapi.

Mwezi wa tatu baada ya kununua, fundi alianza kuchimba msingi wa chumba cha nyongeza. Kina cha kama mita moja na nusu, udongo ulibadilika kutoka mwekundu kuwa wa kijivu unaoelekea bluu, na harufu ya petroli ikapanda mpaka ofisini. Msimamizi wa mafundi alikuwa na akili kuliko sisi: alizuia watu wasivute sigara, akasimamisha kazi, akanipigia. Lile bomba lilikuwa la kupumulia tangi la mafuta lililozikwa. Unapomimina mafuta tangini, hewa iliyomo lazima ipate pa kutokea, na ndiyo kazi ya bomba la namna ile. Tangi lilikuwa la chuma kitupu, limeoza upande mmoja, na lilikuwa limevuja kwa miaka ambayo hakuna anayeijua idadi.

Kulitoa tangi lenyewe ilikuwa siku moja. Udongo ndio uliotutesa. Kila ulipochimbwa ukapelekwa kupimwa, majibu yalirudi kuwa bado kuna mafuta, chimba zaidi. Benki ilisimamisha awamu ya pili ya mkopo mpaka ipate barua ya mamlaka kwamba eneo limesafishwa. Kazi tuliyoipangia wiki mbili ilichukua miezi kumi na moja, na mwenzetu mmoja alijitoa njiani kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Kinachouma ni kwamba hakuna aliyetudanganya. Muuzaji alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na yeye alilitumia kuhifadhi samani tu. Habari ilikuwepo masjala ya ardhi. Si kwenye ukurasa wa leo wa rejista, bali kwenye jalada la zamani: mkataba wa upangaji wa miongo kadhaa nyuma, ambapo kampuni ya malori ilipewa ruhusa ya "kuhifadhi na kutoa mafuta" kwenye uwanja wa nyuma. Mkataba ulikuwa umeisha zamani, kwa hiyo haukuwa mzigo tena kwenye hati, kwa hiyo haukutokea kwenye upekuzi. Wakili wetu alijibu kwa usahihi swali alilopewa: je, leo kuna mtu mwingine mwenye dai juu ya ardhi hii? Hakuna aliyemwomba ajibu swali la pili: hapa watu walikuwa wanafanya nini?

Ndiyo maana nabishana na wanaosema upekuzi wa sheria ni kazi ya wakili na uchunguzi wa mazingira ni kazi ya mtaalamu, kila mmoja na bahasha yake. Karatasi ni zile zile. Wakili akiona jina la mpangaji wa zamani lenye neno "betri", "ngozi", "rangi", "dobi" au "usafirishaji", mtaalamu anapaswa kujua siku hiyo hiyo. Na mtaalamu akikuta bomba la maji machafu linapita chini ya uzio kwenda kwa jirani, wakili anapaswa kutafuta hiyo haki ya kupitisha imeandikwa wapi. Mimi sasa nawakalisha meza moja kabla hawajaanza, hata kama ni nusu saa.

Kuna kisa maarufu kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko changu. Love Canal, mjini Niagara Falls, jimbo la New York. Kampuni ya Hooker Chemical ilitupa pale tani zipatazo 21,000 za taka za kemikali kwenye mfereji wa zamani kuanzia 1942, ikafukia, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ya mji ardhi ile kwa dola 1. Hati ya mauziano yenyewe ilitaja kwamba kuna kemikali zimefukiwa, na ikasema muuzaji hatawajibika kwa madhara. Yaani onyo lilikuwa ndani ya hati, limesainiwa. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa pembeni, na waliokuja kununua nyumba hizo baadaye hawakuwa na sababu ya kwenda kusoma hati ya shule. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa.

Kisa hicho ni mojawapo ya vilivyoisukuma Marekani kutunga mwaka 1980 sheria inayojulikana kama Superfund. Chini ya sheria hiyo mwenye ardhi wa leo anaweza kudaiwa gharama za kusafisha hata kama uchafu uliwekwa kabla hajazaliwa. Mwaka 2002 iliongezewa kinga kwa mnunuzi aliyejua kuna uchafu lakini hakuhusika nao, kwa masharti, na sharti la kwanza ni kwamba uchunguzi ufanyike kabla ya kununua. Ukiufanya wiki moja baada ya kusaini, kinga huna. Uingereza, sheria ya mazingira ya 1990 kwenye sehemu yake ya ardhi iliyochafuliwa inaanza na aliyesababisha au aliyeruhusu akijua, na asipopatikana ndipo inamgeukia mwenye mali au mkaaji. Ukitazama kwa makini, "asipopatikana" ni neno zito. Kampuni zilizofanya uchafu miaka arobaini iliyopita nyingi zimeshafutwa kwenye rejista.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili wako liwe hili: kwa sheria inayotawala kiwanja hiki, nani anashikwa kwanza, aliyechafua au mwenye ardhi wa leo, na kuna kinga gani kwa mnunuzi na kwa masharti yapi? Jibu lake ndilo litakuambia uchunguzi ufanywe kwa kiwango gani na kwa tarehe zipi.

Sasa hiyo ripoti uliyopewa na muuzaji. Isome, usiitupe, lakini usiitegemee. Kwanza imezeeka. Kwa kanuni za Marekani, ambazo benki na wawekezaji wa nchi nyingi wamezizoea, uchunguzi lazima uwe umefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kununua, na sehemu zake kadhaa, kama ukaguzi wa eneo, mahojiano na upekuzi wa kumbukumbu za serikali, zisizidi siku 180. Ya kwako ina miaka minne. Katika miaka minne mpangaji mmoja wa kutengeneza injini anatosha kuharibu kila kitu.

Pili, angalia imeandikiwa nani. Kama imeandikwa kwa jina la muuzaji au benki yake, basi mtaalamu aliyeiandika hana deni lolote kwako. Akiwa amekosea, huna pa kumshika. Unaweza kuomba barua ya kukuruhusu wewe kuitegemea ripoti hiyo; wengine hutoa kwa malipo, wengine hukataa, na ukikataliwa umejifunza kitu.

Tatu, na hapa wengi huteleza, angalia ni ripoti ya awamu gani. Awamu ya kwanza ni kusoma kumbukumbu, kutembea eneo na kuhoji watu. Hakuna hata kijiko kimoja cha udongo kinachochukuliwa. Inaposema "hakuna dalili", inamaanisha mtu alitazama na hakuona. Awamu ya pili ndiyo ya kutoboa, kuchukua sampuli za udongo, maji na hewa iliyo ndani ya udongo, na kupeleka maabara. Mimi siku hizi nikipokea ripoti sianzi na hitimisho. Naenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo ambayo hayakuchunguzwa. Niliwahi kukuta sentensi moja pale, "chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa siku ya ukaguzi", na chumba hicho ndicho kilichokuwa na shimo la kubadilishia oili.

Kabla hujalipa mtu yeyote, kuna kazi unayoweza kufanya mwenyewe kwa asubuhi moja. Tembea taratibu, macho chini. Tafuta zege lililopigwa kiraka katikati ya uwanja bila sababu, hasa kiraka cha mstatili. Tafuta mfuniko mdogo wa chuma wa duara, unaweza kuwa mdomo wa kujazia tangi. Mahali nyasi hazioti wakati pembeni zimeshamiri. Sakafu yenye madoa meusi yanayoelekea kwenye mfereji, halafu ufuate mfereji uone unaishia wapi. Ukiishia kwenye shimo lisilo na sakafu, chochote kilichomwagwa kimeingia ardhini. Sehemu iliyoinuliwa kwa kifusi: kifusi kilitoka wapi? Jitambulishe kwa wazee wa eneo na waliowahi kufanya kazi pale, uwaulize kwa adabu palikuwa na nini kabla ya hiki. Mlinzi wa zamani alituambia baadaye kuhusu pampu ya malori, tena kwa mshangao kwamba hatukujua. Tulikuwa tumepita mbele yake mara sita.

Picha za zamani za kutoka angani nazo zisaidie. Nchi nyingi zina hifadhi yake, na programu za ramani za setilaiti hukuruhusu kurudi nyuma miaka kadhaa bila malipo. Marekani wana bahati ya ziada, ramani za Sanborn zilizoanza kuchorwa 1867 kwa ajili ya bima ya moto, ambazo zilionyesha jengo kwa jengo, hadi matangi ya mafuta, kwa sababu kampuni za bima zilitaka kujua nini kitalipuka.

Usiishie kwenye bikoni zako. Dili letu la pili lilikuwa kiwanja kitupu, kisafi kabisa, hakijawahi kujengwa. Lakini upande wa juu wa mteremko palikuwa na dobi wa zamani wa kufua kwa kemikali. Kiyeyushi kikuu cha kazi hiyo, perkloroethilini, ni kizito kuliko maji. Petroli ikifika kwenye maji ya chini ya ardhi huelea juu yake, angalau unajua pa kuitafuta. Hii nyingine huzama, inapenya mpaka ikute tabaka gumu, kisha inaambaa kufuata mteremko wa tabaka hilo, ambao si lazima ufanane na mteremko unaouona kwa macho. Tulilipia vitundu vinne vya kupima hewa ya udongo kwenye mpaka wa juu, na vyote vinne vilirudi na mvuke wake. Tukaondoka. Aliyenunua baada yetu alijenga, na sijui alifanya nini kuhusu sakafu.

Nimetaja sakafu kwa makusudi kwa sababu ghala lako linabadilika matumizi. Mvuke wa vitu hivi hupanda kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, ukajikusanya ndani. Ghala lenye milango wazi siku nzima halina shida sana. Ofisi yenye madirisha yaliyofungwa na watu wanaokaa ndani muda wa saa nane kila siku ni habari nyingine. Ndiyo maana ripoti isemayo eneo linafaa kwa ghala haisemi kwamba linafaa kwa ofisi, na eneo lililosafishwa kwa kiwango cha viwanda linaweza kuwa na sharti kwenye hati kwamba lisijengwe makazi wala shule. Muulize wakili kama kuna sharti la namna hiyo, na muulize mtaalamu anapima kwa kigezo cha matumizi yapi.

Jengo lenyewe nitalipita haraka. Kama ni la zamani, chukulia kuna asbesto kwenye paa, mabomba au vigae vya sakafu mpaka maabara iseme hakuna, kwa maana Uingereza yenyewe ilimaliza kuipiga marufuku mwaka 1999 tu. Ikiwa imara na haijaguswa si dharura; ukianza kuvunja kuta ndipo nyuzi zake zinapopeperuka, na wewe umesema unavunja. Rangi yenye madini ya risasi vivyo hivyo.

Upande wa sheria, nikuongezee yale tu ambayo sijaona kwenye majibu ya wenzangu. Njia ya kuingilia. Kwenye ghala letu, gari lilipita kwenye ukanda wa ardhi ya jirani, na muuzaji alisema "tumepita hapa miaka yote". Kupita miaka yote kunaweza kuwa haki, kunaweza kuwa ruhusa ya urafiki inayokufa siku mali inapouzwa. Ya kwetu ilikuwa ya urafiki. Bahati nzuri jirani alikuwa mtu mwema akakubali kuiandikisha, lakini angeweza kutufungia. Mlipe mpima ardhi aweke mipaka ya kwenye ramani juu ya ardhi yenyewe, akuonyeshe kwa mguu wako wapi uzio umetoka nje na wapi wa jirani umeingia. Halafu kibali cha matumizi: ghala kuwa ofisi ni ombi jipya kwa mamlaka ya mipango, na kununua kwanza ukaomba baadaye ni kucheza kamari.

Na kama muuzaji anapendekeza ununue hisa za kampuni inayomiliki ghala badala ya ghala lenyewe, kwa hoja ya kodi, simama kidogo. Ukinunua hisa unairithi kampuni pamoja na madeni, kesi na makosa yake yote, hata ya kwenye viwanja ilivyokwishauza.

Mkataba ndio unaokupa muda unaosema huna. Saini kwa masharti: ununuzi utakamilika tu ikiwa uchunguzi utakuridhisha ndani ya siku mlizokubaliana, na la sivyo malipo ya awali yanarudi. Andika wazi ruhusa ya kutoboa sakafu, nani ataziba matundu, na matokeo ni mali ya nani. Hili la mwisho lina mtego. Sehemu nyingine sheria inalazimisha uchafuzi ukigundulika utolewe taarifa, na muuzaji anajua kwamba akikuruhusu utoboe na ukakuta kitu, hataweza tena kusema hajui, hata ukiondoka. Kwa hiyo muuzaji anayekataa sampuli si lazima awe mwizi. Lakini akikataa sampuli, akakataa kushusha bei, na akataka kifungu cha "kama ilivyo", yaani ununue na kasoro zake zote bila kumdai baadaye, amekueleza bei halisi ya hatari hiyo bila kuitamka.

Akikupa ahadi ya kukulipia gharama za kusafisha, tazama ahadi hiyo imesainiwa na nani. Yetu ilisainiwa na kampuni ambayo mali yake pekee ilikuwa lile ghala. Tulipoibishia hodi, ilikuwa haina hata samani za kukamata. Siku hizi naomba sehemu ya bei ibaki mikononi mwa mawakili kwa kipindi fulani, na nikikataliwa napunguza ofa kwa kiasi hicho.

Sasa rudi kwenye mabomba yako. Nenda kesho mchana, peke yako, bila dalali. Pima unene wake. Gonga uone kama ni chuma au plastiki. Tazama kama moja lina uzi wa skrubu mdomoni au mfuniko wa kufungua, na kama lingine limekatwa kwa msumeno, maana mabomba ya kupumulia hukatwa mtu anapotaka ukuta uonekane nadhifu. Usiwashe kiberiti kuchungulia, tafadhali. Nusa. Halafu simama kati ya hayo mawili utazame chini kama kuna kiraka cha zege. Piga picha, ziweke hapa kwenye uzi, na umtumie wakili wako pia, ukimwomba jalada la zamani la masjala, lote, na siyo ukurasa wa juu. Kuhusu mnunuzi mwingine anayesubiri: na sisi tuliambiwa yupo.